Aliyeitwa na Aliyekatwa: Kisa cha Kombaini Moja ya Vijana Dar es Salaam

Kisa hiki kinahusu wavulana wawili waliofika kwenye mchujo mmoja wa kombaini ya mpira wa kikapu, vijana chini ya miaka 16, hapa Dar es Salaam. Mmoja aliitwa, mwingine alikatwa. Nimekiandika kwa ajili ya makocha wa shule na vilabu, walimu wa michezo na wazazi, kwa sababu naamini mchujo ule uliwakosea wote wawili, na aliyeumia zaidi ni yule aliyeitwa.

Majina, wilaya, shule na mwaka vimeondolewa, na vipimo vingine vimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Wavulana nitawaita K na S. Mimi niliingia kwenye benchi la ufundi msimu uliofuata, kazi yangu ikiwa kupima vijana na kutunza kumbukumbu. Ya msimu wa kwanza nimeyapata kwenye daftari la mchujo, na kwa makocha, wazazi na vijana wenyewe, ambao wameridhia yaandikwe.

Usuli

Kombaini ni timu ya muda. Inakusanywa wiki chache kabla ya mashindano, inacheza siku chache, inavunjwa, vijana wanarudi kwenye shule na vilabu vyao. Ndivyo ilivyo kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na ndivyo ilivyokuwa timu hii. Kocha mkuu alikuwa mwalimu wa siku nyingi, akisaidiwa na makocha wawili, wote watatu wakijitolea. Walipewa mipira, maji, sare na sharti moja ambalo halikuandikwa popote: warudi na kitu mkononi, ili mwakani kuwe na cha kuwaonyesha wafadhili.

Umri ulihesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kama FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wanavyohesabu. Anayetimiza miaka 16 ndani ya mwaka huo bado anaruhusiwa, awe amezaliwa Januari au Desemba. K alizaliwa Januari, S Novemba ya mwaka huohuo. Mchujo ulifanyika Machi, K akiwa na miaka 15 na S akiwa na 14 na miezi minne. Kwenye fomu walikuwa rika moja. Uwanjani K alikuwa na sentimita 188, sauti imeshavunjika, ndevu zimeanza kuota. S alikuwa na sentimita 161 na sauti ya mtoto.

Pengo hilo si la ajabu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 14, wengine sentimita tisa au kumi ndani ya mwaka mmoja, lakini wapo wanaoanza wakiwa na 12 na wapo wanaongoja mpaka 15 au 16. Ukiwapanga vijana wa miaka 14 na 15 ukutani na kuwapima, unaona hasa nani ameshaanza safari hiyo na nani bado.

Mchujo

Ulichukua Jumamosi mbili, kwenye uwanja wa wazi wa saruji. Vituo vilikuwa vitatu: mbio fupi na kufunga ukitembea, kipimo cha urefu, kisha mchezo wa watano kwa watano, dakika sita kila kundi.

Kituo cha kwanza kilianza saa moja asubuhi kamili. Viwanja vizuri vya kikapu katika jiji hili vimejazana upande wa katikati, Upanga, Oysterbay, Kidongo Chekundu, na huu nao haukuwa mbali na huko. Kijana anayetoka Chanika au ndani ndani ya Mbagala alitakiwa awe kwenye daladala kabla ya jua kuchomoza. Daftari linaonyesha majina kadhaa ambayo safu ya kwanza iko tupu, na kwenye jumla utupu ule umehesabiwa kama sifuri. Hakuna aliyekaa akaamua kuwaadhibu wa mbali. Jumla ilijumlishwa tu, ikawa imewaadhibu.

S hakuchelewa. Alipata alama za kati kwenye mbio na za chini kabisa kwenye urefu. Kwenye mchezo aligusa mpira mara chache mno, na mara mbili alinyang'anywa na gadi, yaani mchezaji wa kupandisha na kugawa mpira, aliyempita kichwa kizima. Kocha msaidizi mmoja anaikumbuka pasi moja mpaka leo. S alisimama juu ya mstari wa pointi tatu, akamwonyesha mwenzake kwa kidole cha mkono wa kushoto mahali pa kukata, akangoja kidogo mpaka senta wa upande wa pili, yule mrefu wa chini ya kikapu, ageuze kichwa, ndipo akapitisha mpira wa kudunda katikati ya watu wawili. Mwenzake hakuutarajia, ukamgonga mguuni ukatoka nje. Kwenye daftari pasi ile imeandikwa hivi: S, mpira umepotea.

K alipata alama za juu kila kituo. Mpira wowote uliogonga ringi ulikuwa wake.

Makocha walipoketi, kocha mkuu hakuficha msimamo wake: "Mpira atafundishwa. Urefu nitauokota wapi?" Alikuwa na hoja. Mwaka uliotangulia timu ilitolewa kwa kupigwa kwenye ribaundi, mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu, mechi baada ya mechi, na alikuwa na wiki tano tu za maandalizi. Kwa wiki tano hutengenezi gadi. Unatafuta walio tayari.

Siku ya orodha

Majina kumi na mawili yalisomwa kwa sauti kando ya uwanja, Jumamosi ya pili jioni. Waliosikia majina yao walishangilia. Wengine walichukua mabegi. Hakuna aliyeambiwa kwa nini, wala afanye nini ili mwakani aitwe. Wapo ambao hawakuonekana tena kwenye mchezo huu, na wawili kati yao walikuwa wale wa safu tupu.

Kesho yake mama yake S alimfuata kocha mkuu. Mazungumzo yao kocha mwenyewe amenisimulia, na mama ameyathibitisha.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mwanangu jana kalala bila kula. Sikuja kugombana. Nataka nijue amekosea wapi."

"Hajakosea kitu, mama. Ni mwili tu, bado haujaja."

"Sawa. Na siku ukija, nani atakuwa anamkumbuka?"

Kocha anasema hakuwa na jibu. Jumatatu yake kocha msaidizi, yuleyule wa ile pasi, alileta pendekezo: waandikwe vijana wanane wengine, waje kufanya mazoezi na timu kila Jumamosi na waendelee kuja hata baada ya mashindano. Mabao waliyofunga yasiangaliwe. Ziangaliwe pasi, macho na uamuzi. Pendekezo lilipita kwa sababu halikugharimu zaidi ya maji na mipira miwili, tena mazoezi ya watano kwa watano yalihitaji watu. S aliandikwa wa tatu.

Msimu wa kwanza

Kwa matarajio ya waliowatuma, msimu ulikuwa mzuri. Timu ilishika nafasi ya tatu na K aliongoza kwa ribaundi.

Mambo mawili hayakuonekana kwenye matokeo. La kwanza ni kazi aliyopewa K. Alikaa chini ya kikapu tu, na agizo lilikuwa moja: ukipokea, usidunde, inua mpira juu upande nao. Kwa vijana wa rika lile lilimtosha kabisa. Ila agizo hilohilo alikuwa nalo shuleni na klabuni. Katika timu tatu, kwa mwaka mzima, hakuna kocha aliyemwomba apandishe mpira, atumie mkono wa kushoto au amkabe gadi. Nilipohesabu baadaye kwenye video za simu za wazazi, nilikuta mechi nzima aliyocheza bila kudunda mpira hata mara moja.

La pili ni maneno. Jukwaani walimwita kijeba, yaani mtu mzima aliyejificha kati ya watoto. Cheti chake cha kuzaliwa ni halali, nimekiona, na mama yake anayo hata kadi ya kliniki. Lakini kijana mwenye ndevu akisimama kati ya watoto, watu huamua wenyewe. K alianza kutembea na nakala ya cheti ndani ya mfuko wa nailoni kwenye begi la viatu, na kabla ya mechi alikuwa akikitoa kumwonyesha refa hata pale ambapo hakuulizwa.

Mwishoni mwa msimu alianza kulalamika goti. Akiwa benchi alikuwa akibonyeza kwa dole gumba chini kidogo ya kifuniko cha goti. Kila kocha wa timu zake tatu alimwambia apumzike kwenye timu zile nyingine.

Mambo yalipogeuka

Ndani ya miezi kumi na miwili K alirefuka sentimita mbili tu. Wenzake walimkuta. Gadi aliyekuwa akipita chini ya kwapa lake sasa alimtazama machoni.

Klabu moja ilimwita kufanya mazoezi na wakubwa. Huko, mtu wa sentimita 190 si senta. Alipangwa kucheza pembeni, mbali na kikapu, akapewa mpira, mlinzi akamkalia mkono wa kulia, na K akasimama. Alirudi nyumbani akamwambia baba yake hataki kwenda tena. Goti likamweka nje karibu miezi mitatu. Mtaalamu wa fiziotherapia alisema ni kano iliyochoshwa na kuruka, na swali lake la kwanza lilikuwa: unacheza timu ngapi?

S naye alianza kurefuka, na aliharibikiwa. Sentimita saba kwa miezi sita zilimvuruga. Mipira aliyokuwa akiifunga ikawa inagonga ubao, akawa anajikwaa kwenye hatua zake mwenyewe, na nundu yenye maumivu ikatokea juu ya mfupa wa ugoko, mahali kano ya goti inaposhikana na mfupa. Hali hiyo madaktari huiita Osgood-Schlatter na huwapata sana vijana walio katikati ya kukua. Alama zake kwenye mazoezi zilishuka chini ya zile za siku ya mchujo. Lilikuja pendekezo la kumwondoa hata kwenye kikosi cha wanane.

Maamuzi ya msimu wa pili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupima kila baada ya miezi mitatu: urefu wa kusimama, urefu wa kukaa na uzito. Vifaa ni tepu, ukuta, mizani ya bafuni na benchi tunalolijua kimo. Kwa vipimo hivyo tuliona S yuko kwenye kilele cha kukua, na kocha msaidizi aliwaomba wenzake wamwache mpaka kasi ipungue. Walimwacha. Mazoezi yake ya kuruka yalipunguzwa, akaongezewa kazi ya miguu na pasi.

Tulijaribu pia kukadiria kimo cha utu uzima kwa njia ya Khamis na Roche ya mwaka 1994, inayotumia umri, urefu, uzito na urefu wa wazazi wote wawili. Kwa vijana wetu ilikwama haraka. Wengi wanalelewa na bibi au mama peke yake, na ukiuliza urefu wa baba unapata "mrefu, mrefu tu". Isitoshe, njia hiyo ilitokana na watoto weupe wa Ohio, Marekani. Nikaona si haki kumkata mtoto wa Temeke kwa namba ya namna hiyo, tukaiacha ibaki dokezo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchanganya makundi. Jumamosi mbili kwa mwezi vijana waligawanywa kwa hatua ya kukua badala ya umri. Waliokomaa mapema walicheza na wa kidato cha tano na cha sita, waliochelewa walicheza wao kwa wao. Akademi za soka za Uingereza zimekuwa zikifanya hivi kwa miaka kadhaa. Kwa S na wenzake ilikuwa mara ya kwanza mpira kukaa mikononi mwao muda wa kutosha kuonyesha wanachokijua.

Uamuzi wa tatu ulimhusu K moja kwa moja. Kila mazoezi, dakika kumi na tano za mwisho alipandisha mpira yeye, na kocha mkuu alikubali K acheze pembeni kwenye mashindano hata kama timu itapoteza ribaundi. Nataka hili lieleweke uzito wake. Kocha huyu aliulizwa na viongozi kwa nini mrefu wake hakai chini ya kikapu, akajibu kwamba K ana miaka mingi ya kucheza mbele yake na timu hii ina wiki moja. Makocha watatu wa K walifungua kundi la WhatsApp, wakawa wanaandika humo kila mechi na kila zoezi, na siku moja ya wiki ikawa ya kupumzika bila mjadala.

Mengine yalikuwa madogo. Mchujo ulisogezwa mpaka saa nne, na aliyekosa kituo alirudia. Haukuwekwa tena karibu na mitihani ya shule wala juu ya masaa ya madrasa. Orodha haikusomwa kwa sauti: kila kijana aliitwa pembeni dakika mbili na kuambiwa nini kimeonekana na nini bado.

Matokeo

Timu ilitolewa robo fainali. K alipoteza mipira mingi, mingine ya aibu, na jukwaa halikumhurumia. Kwenye mechi ya mwisho alimpita mtu kwa mkono wa kushoto mara mbili. S, akiwa na sentimita 177, aliingia kwenye kumi na wawili kama gadi wa akiba na akamaliza akiwa kwenye watano wanaoanza mechi.

Leo S yuko kwenye kundi la chini ya miaka 18. K anafanya mazoezi na timu ya pili ya klabu, anacheza pembeni, goti limetulia. Kati ya wale wanane, watatu waliacha, mmoja kwa sababu familia ilihama.

Uchambuzi

Tunapozungumzia mchujo wa vijana, huruma yetu humwendea aliyekatwa. Ni sawa, lakini S alikuwa na bahati ya kulazimika. Kwa kuwa hakuweza kumpita mtu kwa nguvu, alijifunza kutazama, kungoja na kupitisha. K hakulazimika kujifunza chochote. Mwili wake ulijibu kila swali kwa miaka miwili, na watu wazima wote waliomzunguka walinufaika na jibu hilo. Siku wenzake walipomfikia, hakuwa amebakiwa na kitu, na wala hakuelewa kwa nini jana alikuwa nyota na leo si kitu. Kijana wa namna hii akiacha mchezo hatumhesabu kama tuliyemwonea. Tunasema alivimba kichwa, au tunarudia lile la kijeba.

Neno hilo linahitaji uangalifu. Udanganyifu wa umri upo, na FIFA ilifikia kutumia vipimo vya MRI vya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Hata hivyo kipimo kile husoma ukomavu wa mfupa, na jicho la jukwaani halisomi hata huo. Chama kihakiki vyeti kabla ya mashindano, kisha kiwalinde hadharani waliohakikiwa. Mtoto asijilinde mwenyewe kwa mfuko wa nailoni.

Kila meza ya mchujo Dar es Salaam ina kivuli cha Hasheem Thabeet, na ninaelewa kwa nini. Kijana wa jiji hili aliyesoma Makongo, akaenda Marekani, akachaguliwa wa pili kwenye NBA mwaka 2009. Tangu hapo tunatafuta mrefu mwingine. Lakini Thabeet alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Joel Embiid, nyota wa NBA mzaliwa wa Cameroon, naye alianza katika umri huohuo. Kama milango ya jiji ingekuwa imefungwa kwa kila ambaye hakuitwa na 14, tusingekuwa na jina la kutaja. Mfano wake unatetea mlango ulio wazi kuliko unavyotetea tepu ya kupimia.

Kuhusu miezi ya kuzaliwa, tatizo linajulikana tangu Roger Barnsley na wenzake walipolionyesha kwenye hoki ya barafu ya Kanada mwaka 1985: waliozaliwa mwanzo wa mwaka wa mchujo hujaa kwenye timu teule. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa hivyo, imejaa Januari mpaka Mei. Dawa tuliyotumia ni kuandika mwezi wa kuzaliwa kando ya kila jina mezani. Ni hatua ndogo, lakini makocha walianza kuuliza maswali ambayo mwanzo hawakuyauliza. Wanaosimamia wasichana wakumbuke kwamba wao hufika kilele cha kukua karibu na miaka 12, kwa hiyo yote haya kwao yanaanza shule ya msingi, na mchujo wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ndio wa kutazamwa kwanza.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kikosi cha wanane. Sababu ni ya kawaida sana: jina liliandikwa, na kuna mtu aliyewajibika kuliangalia kila Jumamosi. Bila daftari hilo, S akiwa katikati ya kujikwaa kwake angekatwa mara ya pili na kocha mwenye nia njema kabisa.

Kilichoshindikana ni makundi ya kukua. Yalidumu nusu msimu. Wazazi wawili wa vijana warefu walikasirika kuona wana wao "wanapigwa na watu wazima", na hatukuwa tumewaeleza mapema lengo ni nini. Pia wakubwa walikuja walipotaka, kwa kuwa wao hawakunufaika na chochote. Tukirudia, kikao na wazazi kitatangulia, na hao wakubwa wapewe kazi ya kufundisha, ili nao wawe na sababu ya kuja.

Nauli bado haijapata ufumbuzi. Kusogeza mchujo mpaka saa nne kulileta vijana wapya kutoka pembezoni, na wawili kati yao waliingia kwenye wanane. Mmoja ameshaanza kukosa Jumamosi, kwa sababu safari ni ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa sasa makocha wanamchangia. Kocha mkuu ameomba mazoezi ya Jumamosi moja kwa mwezi yahamishiwe kwenye uwanja wa shule ya upande wa kule, wenye ringi moja nzima na nyingine iliyopinda, na mwalimu mkuu amekubali ringi ikirekebishwa.